Asidi amino, peptidi na umbo la protini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu neno protini tulilikuta kwanza kwenye somo la lishe: chakula cha kujenga mwili, basi. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanamwacha mtu akidhani protini ni kitu kimoja kama chumvi, ambacho unacho kingi au kichache. Kumbe kuna protini inayokata, inayobeba, inayovuta, inayofungua mlango wa seli na kuufunga, na zote zimetungwa kwa vipande vilevile. Kinachozitenga ni umbo. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara kwa wanaoanza kulisoma jambo hili. Unaweza kuruka huku na huku, ila aliye mgeni kabisa atapata nafuu akianzia juu.

Asidi amino ni nini?

Ni molekuli ndogo yenye kiini kimoja na mikono minne. Kiini ni atomi ya kaboni, ambayo wanakemia huiita kaboni alfa. Mkono wa kwanza umeshika kundi la amino, yaani nitrojeni na hidrojeni zake. Wa pili umeshika kundi la kaboksili, lenye kaboni, oksijeni mbili na hidrojeni. Wa tatu una hidrojeni peke yake. Jina "asidi amino" limetoka kwenye makundi hayo mawili ya mwanzo.

Mkono wa nne ndio wenye mambo. Hapo hukaa tawi la pembeni, ambalo vitabu huliandika kwa herufi R. Ukibadilisha tawi umebadilisha asidi amino. Kingine chote kinabaki vilevile.

Zinaitwa asidi. Mbona haziunguzi?

Kwa sababu kila molekuli inatembea na asidi na kizimuo chake. Kundi la kaboksili hupenda kutoa protoni (hidrojeni iliyopoteza elektroni yake), la amino hupenda kuipokea. Katika maji yenye pH karibu 7, la kwanza limeshaachia protoni na kubaki na chaji hasi, la pili limeidaka na kuwa na chaji chanya. Ukijumlisha unapata sifuri. Ndiyo maana glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, ni unga mweupe wa fuwele wenye utamu kidogo. Kwa molekuli ndogo kiasi hicho ungetarajia iyeyuke kwa joto kidogo tu. Badala yake inahimili zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, kwa kuwa chaji za molekuli jirani zinavutana na kung'ang'aniana kama zinavyofanya kwenye chumvi.

Ziko ngapi hasa? Nimesoma 20, mahali pengine 21, kwingine 22.

Kwenye mtihani andika 20. Hizo ndizo zinazotumiwa na viumbe wote kutunga protini, na kuzipata zote kulichukua karibu miaka 130. Ya kwanza ilikuwa asparajini, iliyotolewa kwenye maji ya mmea wa asparaga na Louis-Nicolas Vauquelin na Pierre Jean Robiquet huko Ufaransa mwaka 1806. Ya mwisho, threonini, ilitambuliwa na William Rose nchini Marekani mwaka 1935.

Ya 21 ni selenosisteini, yenye atomi ya seleni mahali ambapo sisteini ina salfa. Binadamu anayo katika protini chache. Ya 22, pirolisini, imeonekana kwa baadhi ya vijidudu tu, hasa vile vinavyotengeneza gesi ya methani. Zote mbili huingia kwa mlango wa nyuma: hazina neno lao wenyewe kwenye msimbo wa jeni, hivyo huazima maneno ambayo kwa kawaida humaanisha "simama hapa". Nje ya protini kuna mamia ya asidi amino nyingine zinazofanya shughuli zake, kwa mfano ornithini na sitrulini zinazosaidia mwili kutengeneza urea. Kwa hiyo anayesema 20 na anayesema 22 wote wako sawa, wanahesabu vitu tofauti kidogo.

Nizikariri vipi zote 20?

Usianze na majina. Anza na tabia, majina yatafuata.

Swali la kwanza la kujiuliza mbele ya tawi lolote ni hili: linapenda maji au linayakimbia? Valini, lusini, isolusini na fenilalanini zina matawi ya kaboni na hidrojeni tupu, na ndani ya maji zina tabia ya mafuta: zikipata nafasi hujikusanya pamoja na kuyapa maji kisogo. Serini, threonini, asparajini na glutamini hazina chaji ila zina oksijeni au nitrojeni ya kushikana na maji, kwa hiyo zinastarehe ndani yake. Kisha kuna zenye chaji kamili: aspateti na glutamati hasi, lisini na arginini chanya.

Baada ya hapo weka pembeni chache zenye vituko vyake. Tawi la glisini ni hidrojeni tu, kwa hiyo inapenya pembe ambazo nyingine haziwezi. Tawi la prolini limegeuka nyuma likashika nitrojeni ya molekuli ileile, likafunga duara. Matokeo yake ni kiungo kigumu kinachovunja mpangilio wa mnyororo kila kinapotokea. Sisteini ina salfa, na salfa mbili zikikutana zinaweza kufungana daraja. Histidini iko mpakani: mabadiliko madogo ya pH karibu na hali ya kawaida ya mwili yanatosha kuipa protoni au kuipokonya, na vimeng'enya vingi, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, vimeitumia tabia hiyo kupokezana protoni wakati wa kazi. Mimi mwenyewe, ningeambiwa nichague moja ya kumweleza mtu kwa kirefu, ningechagua histidini.

Majina pia yana vifupisho vya herufi moja moja: G ni glisini, V valini, K lisini, W triptofani. Vilibuniwa na Margaret Dayhoff, Mmarekani aliyekuwa akikusanya mifuatano ya protini enzi ambazo nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ghali. Havionekani kuwa na mantiki mwanzoni, kwani herufi nyingine zilikuwa zimeshachukuliwa, lakini utavizoea.

Herufi L na D kabla ya jina zina maana gani?

Tazama viganja vyako. Vina vidole vilevile kwa mpangilio uleule, lakini glavu ya kushoto haiingii mkono wa kulia. Kaboni alfa iliyoshika vitu vinne tofauti inaweza kupangwa kwa namna mbili za aina hiyo, moja ikiwa taswira ya nyingine kwenye kioo. Protini zinazotungwa na ribosomu, mtambo mdogo wa seli wa kutunga protini, hutumia za L. Za D zipo pia katika maumbile, mfano alanini ya D kwenye kuta za bakteria. Glisini haina L wala D, kwa sababu hidrojeni zake mbili zinafanana.

Asidi amino "muhimu" ni zipi? Je, nyingine hazina umuhimu?

Neno "muhimu" limepotosha wengi. Maana yake ni kwamba mwili hauwezi kuitengeneza, hivyo lazima iletwe na chakula. Ziko tisa: histidini, isolusini, lusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Orodha ya Rose kwa watu wazima ilikuwa na nane, histidini ikaongezwa baadaye. Zile 11 nyingine mwili unazihitaji vilevile, tofauti ni kwamba unazo njia za kuziunda. Kwa wanaokula mimea zaidi, jambo la kukumbuka ni kuwa nafaka kwa kawaida zina upungufu wa lisini na jamii ya kunde zina upungufu wa methionini, hivyo kimoja huziba pengo la kingine.

Peptidi inaundwaje?

Fikiria mabehewa ya treni. Kila behewa lina ndoano mbele na kitanzi nyuma, na mbele haiungwi na mbele. Asidi amino nazo huungana hivyo: kaboksili ya moja hushikana na amino ya inayofuata, na molekuli moja ya maji hutoka pale zinapounganikia. Kiungo hicho ndicho kifungo cha peptidi. Emil Fischer na Franz Hofmeister walikieleza, kila mmoja kwa njia yake, mwaka 1902.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, mnyororo una kichwa na mkia. Mwanzoni hubaki amino isiyofungwa na mwishoni hubaki kaboksili isiyofungwa, na mfuatano husomwa kutoka amino kwenda kaboksili. Glisini-alanini na alanini-glisini ni vitu viwili tofauti. Pili, idadi ya mifuatano inakua kwa kasi ya kutisha. Kwa kuwa kila kipande, yaani kila asidi amino ya mnyororo, kinaweza kuwa chochote kati ya aina 20, vipande viwili vinatoa mifuatano 400, vitatu 8,000. Ukifika vipande 100, ambavyo kwa protini ni vichache, namba ya mifuatano inayowezekana ina tarakimu 131.

Ndani ya seli kazi hii hufanywa na ribosomu, inayosoma ujumbe wa jeni herufi tatu tatu. Maneno ya herufi tatu yako 64: 61 hutaja asidi amino, matatu husema simama. Methionini na triptofani zina neno moja moja tu, ilhali lusini, serini na arginini zina maneno sita kila moja.

Peptidi na protini zinatenganishwa na nini?

Ukubwa na mazoea. Hakuna mstari rasmi. Mnyororo wenye vipande vichache huitwa peptidi, mrefu huitwa polipeptidi, na mrefu uliojikunja ukapata umbo na kazi huitwa protini. Wengi huweka mpaka karibu na vipande 50, na insulini imekaa hapohapo ikiwa na 51, ndiyo maana utaikuta ikiitwa vyote viwili.

Ufupi usikudanganye kuhusu nguvu. Oksitosini, homoni inayobana mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua, ina vipande tisa. Vasopresini, inayozuia figo kupoteza maji, nayo ina tisa, na saba kati yake ni vilevile vya oksitosini mahali palepale. Upande wa pili wa mizani kuna titini ya kwenye misuli, yenye vipande takriban 34,000 katika mnyororo mmoja.

Kwa nini vitabu vinasisitiza kwamba kifungo cha peptidi ni "bapa"?

Kwa sababu jambo hilo dogo ndilo lililofungua somo zima. Kwa kuangalia tu, kifungo kati ya kaboni na nitrojeni ni cha kawaida na kingepaswa kuzunguka kama bawaba. Lakini elektroni zake zimegawanwa na oksijeni ya jirani, hivyo kina tabia ya nusu ya kifungo maradufu. Ni kifupi kuliko kawaida, nanomita 0.133 badala ya 0.147, na hakizunguki kirahisi. Atomi sita zilizokizunguka hulala kwenye sakafu moja. Mnyororo basi ni msururu wa vibao vigumu vilivyounganishwa kwenye kaboni alfa, na mizunguko yote hutokea kwenye viungio hivyo.

Mwaka 1948 Linus Pauling alikuwa Oxford, amelala kitandani na mafua. Alipochoka kusoma alichukua karatasi, akachora mnyororo wa peptidi kwa vipimo alivyovijua, akaanza kuukunja kwenye kaboni alfa huku akiviacha vibao vikiwa bapa. Alitafuta mkunjo ambao kila oksijeni ingeweza kushikana na hidrojeni ya nitrojeni iliyo mbele zaidi. Ukapatikana: mzunguko kama wa springi, wenye vipande 3.6 kila unapozunguka mara moja. Ndiyo hesi ya alfa, aliyoichapisha mwaka 1951 pamoja na Robert Corey na Herman Branson.

Wenzao wa Cambridge walikuwa wametafuta kitu hichohicho na mwaka 1950 wakachapisha maumbo yasiyo sahihi. Walikuwa wamejifunga kwenye namba kamili za vipande kwa kila mzunguko, na hawakukishikilia kifungo kiwe bapa. Hiyo 3.6 ni namba mbaya kwa macho, lakini maumbile hayakuombwa yapendeze.

Ngazi nne za umbo la protini ni zipi?

Ngazi ya kwanza ni mfuatano wenyewe, nani anamfuata nani. Leo tunalichukulia jambo hili kirahisi, lakini hadi miaka ya 1940 wapo waliodhani protini ni mchanganyiko usio na mpangilio maalumu. Frederick Sanger wa Cambridge ndiye aliyemaliza ubishi. Aliikata insulini vipande vidogo, akavitambua, akavipanga upya kwa kuangalia vinavyopandana, hadi akaonyesha kwamba ni minyororo miwili, mmoja wa vipande 21 na mwingine wa 30, na kila molekuli ina mfuatano uleule. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1958, kisha nyingine mwaka 1980 kwa kazi ya kusoma DNA.

Ngazi ya pili ni mikunjo ya hapa na pale. Hesi ya alfa tumeshaiona. Mwenzake ni bamba la beta, ambapo sehemu za mnyororo hunyooka zikalala sambamba na kushikana ubavu kwa ubavu, bamba lote likiwa na mikunjo kama bati la kuezekea. Hariri sehemu kubwa ni mabamba haya yaliyopangwa juu ya mengine, na ndiyo maana ni imara na haivutiki kama sufu, ambayo imejaa hesi.

Ya tatu ni mnyororo mzima ulivyojikusanya. Ya nne ipo pale minyororo miwili au zaidi inapokaa pamoja na kufanya kazi kama kitu kimoja. Hemoglobini ina minne: miwili ya alfa yenye vipande 141 na miwili ya beta yenye 146. Faida ya kukaa wanne ni kwamba wanasikilizana. Mmoja akishika oksijeni, umbo la wengine linasogea kidogo na wao wanashika kwa urahisi zaidi. Kwenye misuli yenye njaa ya oksijeni mambo yanageuka na mzigo unaachiwa. Mioglobini, ambayo ina mnyororo mmoja wa vipande 153, inashika oksijeni vizuri lakini haina ujanja huo.

Onyo dogo: ngazi hizi ni za kufundishia. Protini haimalizi ya pili ndipo ianze ya tatu.

Ni nini kinachoshikilia umbo lisifumuke?

Kikubwa ni ule ukimbizi wa maji. Matawi yenye tabia ya mafuta hujificha katikati, yenye chaji hubaki nje yakipunga mkono kwa maji, na mnyororo unajikuta umekuwa fundo. Juu ya hapo huja vifungo vya hidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu ila viko vingi, mivutano ya chaji hasi na chanya, na madaraja ya salfa kati ya sisteini mbili, ambayo ni vifungo vya kweli vya kemia.

Nywele zinakuonyesha tofauti ya vifungo hivi bila maabara. Zimejengwa kwa keratini, hesi za alfa zilizosokotwa pamoja na kufungwa kwa madaraja mengi ya salfa. Pasi ya nywele hukata vifungo vya hidrojeni, na zinapopoa vinajifunga upya nywele zikiwa zimenyooka. Zikipata unyevu, maji yanaingilia vifungo hivyo na umbo la zamani linarudi. Dawa za kukunja nywele kwa kudumu huyavunja madaraja ya salfa na kuyafunga mahali papya, kwa hiyo kuosha hakurudishi kitu. Lakini nywele mpya zinapoota kichwani zinaota na umbo lake la asili, maana dawa haikugusa mfuatano wala jeni iliyouandika.

Kipande kimoja kikikosewa, kweli kinaweza kuleta madhara?

Mara nyingi hapana. Lusini ikichukua nafasi ya isolusini mahali pasipo na shughuli, protini inaweza isitambue. Inategemea ni wapi, na nani kambadili nani.

Mfano unaojulikana zaidi ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti kwenye uga wa umeme, yaani chaji yake si ileile. Vernon Ingram akaikata hemoglobini kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata mnyororo baada ya kila lisini au arginini, akatandaza vipande kwenye karatasi na kulinganisha madoa ya mtu mzima wa afya na ya mgonjwa. Madoa yote yalilingana isipokuwa moja. Kipande hicho ni mwanzo wa mnyororo wa beta. Kwa aliye mzima kinasomeka VHLTPEEK. Kwa mgonjwa kinasomeka VHLTPVEK.

Hesabu kutoka kushoto, nafasi ya sita. E ni glutamati, yenye chaji hasi, iliyozoea kukaa nje kwenye maji. V ni valini, inayoyakimbia maji, na sasa imewekwa palepale nje. Hemoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo inapata mfuko wa kujificha kwenye molekuli jirani. Jirani naye ana valini yake, anashika wa tatu, na safu inaendelea hadi nyuzi ndefu ngumu zinaikunja chembe nyekundu ya damu kama mundu. Hemoglobini nzima ina vipande 574. Vilivyobadilika ni viwili, kimoja kwa kila mnyororo wa beta. Kwenye DNA ni herufi moja, GAG ikawa GTG.

Ute wa yai ukichemka unakuwa mweupe na mgumu. Protini zimevunjika?

Minyororo haijakatika. Vifungo vya peptidi vinahimili joto la maji yanayochemka kwa muda mfupi kama huo bila shida. Kilichotokea ni kwamba mikunjo imefumuka, matawi yenye tabia ya mafuta yaliyokuwa yamejificha yametoka nje, na kila mnyororo umeshika wa jirani hadi ute wote umekuwa wavu mmoja unaotawanya mwanga. Asidi, pombe kali na chumvi za metali nzito hufanya jambo la aina hiyo bila moto.

Je, inarudi? Yai halirudi, minyororo imeshatatizana. Lakini protini moja moja, ikiwa na nafasi, inaweza. Christian Anfinsen alichukua ribonukliasi, kimeng'enya chenye vipande 124 na madaraja manne ya salfa, akaifumua kabisa kwa urea na kemikali inayovunja madaraja hayo. Kazi ikakoma. Kisha akaziondoa taratibu kemikali hizo, na kimeng'enya kikajikunja chenyewe na kurudi kazini. Zingatia hili: sisteini zake nane zinaweza kuoanishwa kwa namna 105, na zilirudi kwenye ileile moja. Maelekezo ya umbo yalikuwa ndani ya mfuatano. Nobel yake ni ya mwaka 1972.

Mnyororo unajuaje ujikunje vipi?

Haujaribu kila njia, hilo ni hakika. Cyrus Levinthal alipiga hesabu mwishoni mwa miaka ya 1960: ukiupa kila kiungo cha mnyororo wa vipande 100 nafasi tatu tu za kukaa, mikao inakuwa 3 kwa kipeo cha 100, namba yenye tarakimu 48. Kuipitia yote kungeuzidi umri wa ulimwengu mara nyingi mno, wakati protini ndogo hujikunja chini ya sekunde moja. Kinachotokea kinafanana na maji kushuka mlimani: maji hayapimi kila bonde, yanafuata mteremko. Kila mkunjo unaopunguza nishati unafungua njia ya unaofuata.

Ndani ya seli kuna msongamano, na mnyororo mchanga unaweza kunasa kwa wengine. Kwa hiyo zipo protini walezi, nyingine zenye umbo la pipa, zinazoutenga mnyororo hadi ujikunje kwa utulivu. Zinalinda, hazielekezi.

Ukijikunja vibaya?

Kwa kawaida seli huukamata na kuukatakata. Ukiponyoka, unaweza kujilundika. Prioni ndizo za ajabu zaidi: protini yenye mfuatano wa kawaida lakini umbo baya, ambayo ikiigusa yenye umbo zuri inaigeuza nayo. Stanley Prusiner alipata Nobel ya Tiba mwaka 1997 kwa kazi hiyo, baada ya miaka mingi ya kubishiwa.

Maumbo haya yanaonwaje, wakati hata hadubini ya kawaida haiyafikii?

Njia kongwe ni kuifanya protini kuwa fuwele, kuipiga kwa miale ya eksirei, na kupiga hesabu kutoka kwenye madoa ya miale iliyotawanyika. John Kendrew aliiona mioglobini kwa njia hiyo mwaka 1958. Wengi walitarajia kitu cha ulinganifu. Wakakuta fundo lililopindapinda. Yeye na Max Perutz, aliyeishughulikia hemoglobini kwa zaidi ya miaka 20, walipewa Nobel mwaka 1962. Siku hizi hadubini ya elektroni inayotumia sampuli zilizogandishwa ghafla imeondoa ulazima wa fuwele.

Kisha kompyuta ikaingia. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold ilitabiri maumbo kutoka kwenye mfuatano peke yake kwa usahihi uliokaribia wa maabara kwa protini nyingi, na mwaka 2022 hazina yake ikapita maumbo milioni 200. Demis Hassabis na John Jumper walishiriki Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 na David Baker, anayebuni protini mpya zisizokuwepo. Bado ni utabiri. Pale ambapo mnyororo hauna umbo moja, au unabadilika ukishika kitu, picha nzuri ya kompyuta inaweza kukupoteza.

Nikinywa kolajeni, inaenda moja kwa moja kwenye ngozi?

Hapana. Kolajeni ni minyororo mitatu iliyosokotwa kama kamba, na kila kipande cha tatu ni glisini, kwa sababu katikati ya kamba hapana nafasi ya tawi kubwa kuliko hidrojeni. Tumbo halijali ufundi huo. Asidi yake inaifumua, vimeng'enya vinaikata, na kinachoingia kwenye damu ni asidi amino moja moja na vipeptidi vya vipande viwili au vitatu. Mwili unazipokea kama matofali na kuzipeleka popote penye ujenzi. Kolajeni yako unaitunga upya mwenyewe, na kazi hiyo inahitaji vitamini C ili kuziwekea prolini oksijeni ya ziada inayoimarisha kamba. Vitamini hiyo ikikosekana kamba hulegea, na ufizi huanza kutoa damu, ndicho kiseyeye.

Sababu hiyohiyo ya tumbo ndiyo inayofanya insulini idungwe sindano. Ukiimeza, vile vipande 51 alivyovipanga Sanger vinasagwa pamoja na chakula.